Matundu Matatu

Redio ya kwetu imesema ni mafua.
Mafua tu, na daktari ameshauri asali.
Lakini Pontiani fundi saa, Mtaa wa Kongo,
ambaye maneno hayasikilizi, hutazama vifundo vya mikono,
ameikuza picha kwenye simu kwa vidole viwili
mpaka uso wa Jemadari ukatoka nje ya kioo
ukabaki mkono, na saa, na mkanda wa ngozi.
"Hesabuni," akasema.
Mkanda umeingia ndani matundu matatu.
Mafua hayali matundu matatu.

Adhuhuri habari imeshafika Buguruni,
imevuka reli,
imemkuta Leokadia akigeuza vitumbua,
na alasiri imerudi Kariakoo imenenepa:
amekatwa mguu,
hatambui wanawe,
yuko India kwa jina la mkwewe,
amekufa tangu Pasaka, wamemlaza kwenye jokofu la samaki
wakisubiri watoto wamalize kugombana.
Kila aliyeipokea aliitia chumvi yake,
kama mchuzi wa msibani, usio na mpishi mmoja.

Kalisti, ambaye kucha zake mbili hazikuota tena,
alikopa kreti zima la soda.
"Mnasherehekea nini?" akauliza Mangi.
Bado, tukasema.
Bado.
Mangi akaandika daftarini: bado, chupa ishirini na nne.

Bi Mwanahawa mwenye nyumba, Mzaramo wa hapahapa,
alisimama mlangoni na ufagio:
"Mgonjwa hachekwi, wanangu.
Hata nyoka akiugua mwambie pole,
kisha usogee."
Tukasema pole, wote, kwa sauti ya darasani,
tukacheka mpaka Yeremia akakohoa.
Yeremia hakuwa anakohoa.
Miaka ile yeye ndiye aliyemshonea gwanda;
bega la kushoto limeshuka, alituambia zamani, nikalijaza pamba,
na taifa zima likaona mabega sawa.
Sasa analia, na hatukumwuliza analilia nini,
pengine ile pamba.

Edgari wa Leokadia, mzaliwa wa Mwananyamala,
aliinua kichwa mara moja: "Nani anaumwa?"
akakirudisha kwenye mpira.
Yanga walikuwa nyuma kwa moja.

Serafina peke yake hakukaa nasi.
Alikwenda kanisani Msimbazi akawasha mshumaa
ili apone.
Apone! Kalisti alipiga meza, chupa zikaitikia.
Serafina akafungua kanga, akaifunga upya, taratibu,
kama mtu anayetafuta mahali pa kuanzia.
"Mume wangu walimchukua na soksi moja mguuni.
Nyingine ninayo.
Shimo liko wapi, anayejua ni yule.
Ulimi ule ukifa, nitamwuliza nani? Mkanda?
Sisemi apone aishi.
Apone Jumanne moja,
kiasi cha kujibu."

Hakuna aliyepata neno.
Saa mbili usiku tukaisogeza televisheni karibu na dirisha.
Msomaji habari alivaa tai nyeusi,
au buluu iliyokolea, tulibishana,
akakunja karatasi, akameza mate,
akasema, "Ndugu wananchi,"
na luku ikaisha.

Giza.
Simu zote chaji zimekwisha kwa uvumi wa mchana.
Nani atakwenda kununua umeme?
Kila mtu alikuwa karibu na mlango,
na hakuna aliyeinuka.
Miaka thelathini na moja tumeisubiri sentensi ile,
na sasa tulikaa nusu yake,
tukisikia mafeni ya jirani yakizunguka.
Nikapapasa saa yangu gizani, bila kukusudia,
nikahesabu.
Sitawaambia ni ngapi.

Asubuhi kreti lilirudi kwa Mangi, chupa ishirini na tatu.
Moja ilikuwa imenywewa.
Edgari alikuwa na kiu.